Kambale wa Kwanza Ubaoni

Mimi ndiye niliyekuwa Kambale. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya baba yangu, mbele ya padri kwenye kitubio, na mara moja mbele ya mume wangu, ambaye aliuliza kwa utani tu. Huenda ningelikana hadi kaburini. Lakini jirani yangu hapa Butembo ameanza kuanika kahawa uani mwake, na kila adhuhuri jua likipenya ukungu harufu yake hupanda ukuta na kuingia jikoni kwangu: harufu ya maganda yaliyochacha kidogo, tamu mwanzoni halafu kali, kama kasikisi, pombe yetu ya ndizi, iliyosahauliwa kwenye mtungi. Wengine wakiinusa hukumbuka bei ya soko. Mimi husikia jenereta ikinguruma nyuma ya duka, na vidole gumba vyangu, vya mama mzima mwenye miwani na shahada, huanza kuwasha.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Sisi Wanande mtoto hapewi jina kwa kubahatisha; hupewa kwa zamu aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Kwa hiyo kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake, na ukisimama katikati ya soko ukaita jina hilo, nusu ya wanaume watageuka na nusu nyingine watakuuliza unamtaka yupi. Utaratibu huu unasaidia sana kujua nani ampishe nani kiti. Kumtafuta mkosaji, hausaidii hata kidogo. Paluku wetu alikuwa seminari ndogo, akijifunza Kilatini na kula maharage yenye wadudu. Nyumbani tulibaki mimi, niliyekuwa nimeanza sekondari, na mdogo wangu Kambale, aliyekuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Ulikuwa msimu wa mavuno, mwaka ambao noti zilikuwa zikioza mifukoni: asubuhi zinanunua sabuni, jioni hazinunui hata kiberiti. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu, tuliyemwita Papa Mbusa, alirudi kutoka Asia na marobota ya vitenge, vipuri vya baiskeli, na sanduku moja ambalo hakulifungua dukani. Alilifungua chumba cha nyuma, palipokuwa na benchi mbili, televisheni yenye tumbo kubwa na groupe, yaani jenereta, iliyofungwa nje ya dirisha na kutuletea moshi wote. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya mchezo, maneti mbili za kushika na kubonyeza, zenye nyaya fupi, na kaseti iliyoandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyejua kuzisoma. Mchezo wenyewe ulikuwa ndege ndogo nyeupe iliyopita katikati ya milima ikikwepa mawe. Ndiyo hiyo tu. Ndege na mawe. Watoto wa mtaa mzima walipagawa. Na kwa kuwa Papa Mbusa hakuwa mjinga wa kupokea noti zinazooza, aliamua kupokea kitu kisichooza: kopo moja la nyanya likiwa limejaa kahawa kavu, kwa zamu ya maisha matatu. Ndege ikianguka mara tatu, unampisha mwingine. Ukutani alitundika ubao mweusi, na juu yake aliandika kwa chaki majina ya wachezaji watano waliofika mbali kupita wengine.

Sasa, kazi yangu mimi kila baada ya masomo ilikuwa kuchunga kahawa ya Baba. Alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu ulikuwa hadithi. Kilichotulisha kilikuwa kahawa ya shamba la ukoo la Kasugho, ambako mdogo wake, Baba Mdogo, alilima na kutuletea magunia ili tuyakaushe mjini. Nilikaa na reki mkononi, nikigeuza punje kwenye turubai, nikifukuza kuku, nikitazama mawingu. Kila mwanya wa wingu nilijua maana yake. Ni nani angeweka mlinzi wa aina hiyo karibu na chumba cha Papa Mbusa, akategemea amani? Siku ya kwanza nilitumwa dukani kununua mafuta ya taa, nikasikia sauti ya ile ndege, nikachungulia. Siku ya pili nilikwenda na kopo chini ya kanga.

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Hapakuwa na katazo lililoandikwa. Lilikuwa hewani, pamoja na moshi. "Masika, umepotea?" mmoja akasema. "Jikoni haiko huku!" Mwingine akasogea pembeni kwenye benchi kwa heshima ya uongo: "Muache mama acheze. Akikufa atalia, tutacheka." Nilikufa mara tatu kabla sijajua kidole kipi kinafanya nini, na walicheka kama walivyoahidi, ila sikulia. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena ila mbele ya makarani wa serikali. Kesho yake nilirudi. Na keshokutwa. Kila siku nilichota kopo moja kutoka kwenye turubai, halafu nikasawazisha pengo kwa reki, taratibu, mpaka usione chochote. Huo ulikuwa mwanzo wangu wa uandishi: kuondoa kitu na kupanga kilichobaki kana kwamba hakijapungua.

Wiki ya tatu niliwapita wote. Hata wao walinyamaza, na ukimya wa wavulana kumi na watano kwenye moshi wa petroli ni sifa kubwa kuliko shahada yangu. Papa Mbusa alikuja na chaki, akainua mkono, kisha mkono ukabaki hewani. "Masika?" alisema, kama mtu anayeonja chumvi. "Hapana. Nikiandika jina ya binti kule juu, hawa batoto banaume batarudia kwabo, na kahawa yabo. Kaka yako anaitwa nani?" Nikasema Kambale. "Bon. Kambale inatosha." Akaandika. Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba nilifurahi sana. Nilikuwa wa kwanza, na hakuna ambaye angeweza kunishtaki. Nilidhani nimepata vyote viwili.

Kisha ikaja mvua. Ilikuja kama mvua za kwetu zinavyokuja, kutoka nyuma ya kilima bila kubisha hodi, na mimi nilikuwa benchi la mbele, ndege yangu ikiwa mahali ambapo hakuna ndege iliyowahi kufika. Nilipokumbuka turubai, kahawa ilikuwa ikielea kuelekea mtaroni. Baba alirudi kutoka shule akiwa amelowa, akatazama. Alikwenda dukani kwa Papa Mbusa kuomba nailoni ya kufunika kilichobaki, akapitishwa chumba cha nyuma, na pale ukutani akasoma jina la mwanawe. Akauliza mchezo unalipiwaje. Akajibiwa.

Naomba msomaji afikirie mtaa wa Wanande ambamo habari imetoka kwamba mtoto anayeitwa Kambale anaiba kahawa ya baba yake ili acheze. Kila baba mwenye kahawa na Kambale alitazama turubai lake na kuona limepungua. Ile Jumapili, nakumbuka vizuri, kanisani walikuwepo akina Kambale wanne walioshindwa kukaa. Walisimama misa nzima, hata wakati wa mahubiri, na padri akadhani ni ibada.

Wetu hakupigwa. Baba hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mtu wa maamuzi, na hilo ni baya zaidi. "Kambale, jina yako inafanya nini ku ubao ya Mbusa?" "Papa, haiko mimi." "Basi ni nani? Ni mimi?" Kambale alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshika reki. Baba naye akanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kuaminika, mwenye alama nzuri na miguu safi. "Masika, kaka yako anaendaka kwa Mbusa?" Na mimi nikajibu maneno ambayo nimeyageuza kichwani kama punje kwenye turubai kwa miaka yote hii: "Sijui, Papa. Pengine."

Pengine! Hata uongo kamili sikuweza kuusema. Kesho yake Kambale alipandishwa juu ya magunia kwenye lori la Kasugho, akae wiki mbili kwa Baba Mdogo aone kazi ni nini. Baba Mdogo aliona mikono yake inafaa, mvua ikaharibu barabara, barua zikachelewa, na wiki mbili zikawa mwaka wa shule mzima. Mtihani ulifanyika bila yeye. Aliporudi alikuwa ameota mabega, akawekwa darasa lilelile na watoto wanaomfika kifuani, akavumilia mihula miwili, akaacha. Mimi niliyecheza nilikwenda chuo kikuu. Yeye ambaye hakuwahi kugusa maneti aliacha shule kwa sababu ya mchezo. Kila ninaposikia mtu akieleza kwa uhakika jinsi michezo ya video inavyoharibu masomo ya watoto, mimi huirudia hesabu hii.

Lakini je, nilinyamaza? La. Ndipo inapoanza aibu ya pili, mpya kabisa. Mwaka jana jarida moja la hapa mjini liliniomba insha kuhusu vyumba vya michezo vinavyochipuka kila mtaa, na mimi, mwenye miwani na shahada, niliandika kurasa mbili za hekima. Niliandika kwamba vyumba hivyo ni rahisi mno kuingia. Niliandika, na nanukuu kwa uchungu: "Bei ikiwa juu, mtoto atafikiri mara mbili." Mtoto gani? Niliyeiba makopo yasiyopungua thelathini ya kahawa, nilifikiri mara ngapi? Nilisifiwa sana kwa insha hiyo. Mchimba kisima, wahenga walisema, huingia mwenyewe. Mimi nilimsukuma tena mdogo wangu kwanza.

Kwa maana Kambale, ambaye sasa ni fundi wa redio na simu huko Beni, baba wa watoto sita, alikuwa amefungua chumba cha michezo mwanzoni mwa mwaka huu. Mashine tatu zilizotumika, paneli za jua juu ya bati, viti vya plastiki. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba mtoto wa muuza mihogo anaweza kuingia. Saa zake ni za baada ya masomo, anafunga mapema kabla ya giza, na yeye mwenyewe hukaa mlangoni na chuma chake cha kulehemu. Mabinti wana benchi lao mbele, si nyuma. Beni na vita vyake tunaijua sote. Kuna watoto pale ambao wamehama mara nyingi kuliko mimi nilivyohama darasa, na mzazi anayejua mwanawe yuko kwenye kiti cha plastiki kwa Kambale ameshapata nusu ya usingizi wake. Kamati ya wazazi ya shule ya jirani ilipinga. Walileta masharti mawili: apandishe bei mara tatu, na mabinti wasiingie. Asipokubali, watapeleka barua kwa mkuu wa mtaa ili chumba kifungwe. Na ushahidi wao, uliopigwa fotokopi na kupigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, ulikuwa insha yangu.

Niruhusuni nichoke kidogo hadharani. Nimechoka na mjadala huu, na nimechoka zaidi kwa kuwa nilikuwa sauti yake nzuri. Mkabala na ile shule kuna baa inayouza bia tangu saa nne asubuhi, na bia haina kamati. Watoto wa matajiri wa mji wana skrini pana kuliko kitanda changu, wanacheza sebuleni wamenyoosha miguu, na sijasikia barua yoyote ikipelekwa kwa mkuu wa mtaa juu yao. Tukipandisha bei hatuondoi mchezo. Tunachagua tu nani aupate kwa halali na nani aupate kwa kopo chini ya kanga. Wanasema siku hizi kila mtu ana simu. Simu ya nani? Ya baba, ambaye yuko nayo kwenye machimbo ya Manguredjipa, au ya mama, ambayo mega zake za intaneti zimeisha tangu Jumatano. Sisemi mchezo ni dawa. Ninajua ladha yake, ulinisahaulisha mvua. Ndiyo maana nataka uwe mahali penye mlango uliofunguka na mtu mzima amekaa pale, kwa bei ambayo haimfundishi mtoto wizi, na kwa jina lake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu imekuwa ndefu kama barabara ya Kasugho wakati wa masika, na mwenye kuitembea alikuwa mwingine.

Haya yote ningeweza kuyasema mapema. Sikusema. Niliandaa barua mara tatu, nikazirarua, kwa sababu kila moja ilifika kwenye neno "pengine" na kusimama. Kisha Jumanne iliyopita, saa tisa mchana, nikiwa namenya viazi na ile harufu ya kahawa ikipanda ukuta, simu ikalia.

"Yaya, uko wapi?" alisema Kambale; ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Nyumbani."

"Uko peke yako?"

"Niko na viazi."

"Bon. Sikia. Comité yote iko hapa kwangu, mu salle, bamekuja kuona kwa macho. Président anasema andiko yako inatosha, basaini tu. Mimi nimeomba kitu kimoja. Nimekuweka haut-parleur, bote banakusikia. Yaya, ile mwaka ya kahawa, Kambale mwenye alikuwa wa kwanza ku ubao ya Papa Mbusa, alikuwa nani?"

Sikuwa nimemwambia kamwe. Niliomba mtandao ukatike, huu mtandao wetu unaokatika kila ninapoongea na daktari. Siku hiyo ulikuwa safi kama maji ya mlimani. Nilisikia hata kiti cha plastiki kikilia chini ya mtu mzito, na mtoto akikohoa.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema nguvu, Yaya."

"Ni mimi, Masika! Na kahawa niliiba mimi. Kambale hakucheza hata siku moja. Na ile insha mliyoshika iliandikwa na mtu mwoga."

Kile kiti kikalia tena, na sauti nzito ikatoka juu yake, polepole: "Mama, donc ilikuwa wewe?"

"Nani anauliza?"

"Président wa comité. Mimi naitwa Kambale. Tulikuwa tunakaa nyuma ya kwa Mbusa, nyumba ya misipresi. Ile siku Papa yangu alinipiga mpaka fimbo ikavunjika, akanituma mimi mwenyewe nilete ingine." Watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka. "Nililia, haiko mimi, haiko mimi. Ile mashine sikuwa hata nimeiona. Mpaka leo sijawahi kushika hiyo kitu."

"Unisamehe, Papa Kambale."

"Fimbo hairudiake, Mama."

Nikamwuliza mdogo wangu, mbele ya watu wote wale, alijua tangu lini. "Tangu kabla banitume Kasugho," akasema. "Tulikuwa tunalala chumba moja, Yaya. Ulikuwa unacheza mu usingizi, vidole juu ya blanketi." Na kwa nini hakusema? "Ningesema, tungeenda wote wawili. Sasa nani angetuandikia barua?" Akaongeza: "Hata kama haukuandika hata moja."

Nilisikia karatasi ikikunjwa. Nadhani ilikuwa fotokopi yangu, na natumaini ilikuwa fotokopi yangu. Kisha Président akakohoa kama mtu aliye kazini. Alisema yeye hawezi kupandishia watoto bei kwa maneno ya mwizi wa kahawa. Bei ibaki. Mabinti baingie, na kila mutu aandikwe jina yake na ya mama yake, maana akina Kambale bamelipa vya kutosha. Mama mmoja akapinga, wengine wakampigia kelele, akasema basi, lakini saa kumi na moja mlango ufungwe. Kambale akasema mlango wake hufungwa saa kumi na nusu.

Hakuna aliyekumbuka kukata simu. Niliiweka juu ya meza, karibu na viazi, nikasikiliza. Viti vikasogezwa. Sauti nzito ikauliza, chini kidogo, kama mtu asiyetaka wanakamati wenzake wasikie: "Sasa hii kitu, banaishikaka namna gani?" Mdogo wangu akamwonyesha. Mlio ukaanza, vicheko, mtu akapiga makofi. Président alikufa mara tatu kwa muda mfupi kuliko nilivyokufa mimi. Kisha nikasikia sauti ya binti mdogo, ya heshima, isiyo na woga wowote: "Papa, zamu yako imeisha."